Kabla hujaweka mradi wako popote, angalia mlango wa kutokea

Kuna mstari mmoja kwenye historia ya mradi wangu ambao kila nikikutana nao unaniuma. Umeandikwa "inarekebisha #214, asante kwa maelezo marefu", basi, hakuna kingine. Komiti yenyewe, yaani badiliko moja lililohifadhiwa kwenye msimbo wa programu, ni yangu, niliiandika miaka mingi nyuma, imebadilisha mistari minne tu kwenye faili linalosoma tarehe, na sababu ya ile mistari minne kuwa vile ilivyo ilikuwa kwenye ishu namba 214, yaani ripoti ya tatizo iliyotumwa kwenye mradi, mtu ambaye sijawahi kuonana nae alikaa akaeleza hatua kwa hatua programu inavyokosea ukifika mwaka mrefu (wa siku 366), akaweka na faili la mfano kabisa. Leo ishu 214 haipo. Huduma niliyokuwa nimehosti mradi ilifunga sehemu ya ishu, notisi walitoa, ila ilienda kwenye barua pepe ambayo nilishaacha kuifungua, nilipokuja kushtuka msimbo wote ninao salama kwenye kompyuta lakini mazungumzo ya miaka mitano yameenda yote. Alafu akatokea mchangiaji mpya akaniuliza, hii mistari minne ni ya nini, mbona tusiifute? Sikuwa na jibu. Nilimwambia aiache tu, na najua kabisa hilo sio jibu la kumpa mtu.

Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza ahosti wapi mradi wake wa programu huria sianzi na kumtajia majina. Namuuliza kwanza, siku ukitaka kuondoka hapo, utatoka na nini? Wengi wanashangaa, mtu ndo kwanza anataka kuingia unamletea habari za kutoka. Lakini kwa mtazamo wangu hilo ndo swali zito kuliko mengine yote, manake mradi ukiwa mzuri unaishi kuliko huduma inayouhosti. curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, ipo tangu 1998, imepita SourceForge, mwaka 2010 ikahamia GitHub, zote mbili huduma za kuhosti miradi, na bado inadunda. Anayeanzisha mradi leo na anataka udumu miaka 20, ajue tu kwamba katika hiyo miaka 20 atahama, labda mara moja, labda mara tatu.

Tuangalie yaliyotokea, manake watu tunasahau haraka sana. SourceForge ilianza Novemba 1999, na kwa miaka kama kumi hivi ukisema programu huria watu wanajua kabisa iko huko, ilikuwa inakupa kila kitu bure, repo (hazina ya msimbo na historia yake), sehemu ya kushusha mafaili, ishu, orodha za barua pepe, na kipindi hicho seva zilikuwa ghali kwa hiyo ulikuwa msaada mkubwa kweli kweli. Alafu ikabadilisha wamiliki, 2012 ikaenda kwa kampuni ya Dice, mwaka uliofuata ukaja mpango wa kufungasha programu nyingine za matangazo ndani ya vifurushi vya kusakinisha. Watu wa GIMP, programu ya kuhariri picha, walikasirika wakaondoa toleo lao la Windows pale Novemba 2013. Mei 2015 wakagundua kwamba ile akaunti waliyoiacha imechukuliwa na SourceForge wenyewe, wanaendelea kugawa GIMP kwa jina lile lile, na ndani wameweka matangazo. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtumiaji wa kawaida, anaona jina GIMP, anaona ukurasa ambao ameuzoea miaka na miaka, anabonyeza. Wenye mradi walishaondoka lakini jina lao limebaki linafanya kazi kwa mtu mwingine. 2016 SourceForge ilinunuliwa tena na wamiliki wapya wakaufuta ule mpango mara moja, hilo tuwape haki yao, ila kufikia hapo miradi mingi ilikuwa imeshafungasha virago.

Google Code ilifunguliwa 2006. Ilipendwa kwa sababu ilikuwa nyepesi, haina makorokoro. Machi 2015 wakatangaza wanafunga, Agosti mwaka huo ikawa ya kusoma tu, Januari 2016 ikazimwa. Gitorious ilinunuliwa na GitLab Machi 2015 na kufikia Juni imefungwa, yaani miezi mitatu tu ya kuhamisha kila kitu. CodePlex ya Microsoft, 2006 mpaka Desemba 2017. BerliOS ya Ujerumani ilianza 2000, ikafa 2014. Bitbucket wenyewe hawakufunga, ila walianza 2008 kama nyumba ya watu wa Mercurial, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, alafu Agosti 2019 wakatangaza kwamba Mercurial inaondoka, na katikati ya 2020 repo zote za Mercurial zikaondolewa kabisa. Waliosaidia hapo ni Software Heritage, ule mradi wa kuhifadhi msimbo ulioanzishwa na Inria ya Ufaransa, pamoja na kampuni ya Octobus, waliwahi wakakusanya repo za wazi zaidi ya 200,000 kabla hazijafutwa. Bila wao kuna kazi za watu zisingekuwepo tena duniani, na wengi wa hao watu hawajui hata kwamba waliokolewa.

Angalia hao wote niliowataja. Hakuna hata mmoja aliyefunga kwa sababu alikuwa mbovu siku ile watu wanajiunga, walikuwa wazuri, wengine walikuwa bora kuliko wote kwa wakati wao. Kwa hiyo kuchagua kwa kuangalia nani mzuri leo kunakusaidia kwa leo tu.

Sasa watu wa git, mfumo wa aina hiyo hiyo unaotumiwa na wengi leo, watasema sisi hatuna shida, git kila mtu ana nakala kamili ya historia nzima, huduma ikifa nasukuma kwingine maisha yanaendelea. Ni kweli, na ni jambo kubwa mno, kabla ya hapo wakati wa CVS, mfumo wa zamani ambao historia ilikaa kwenye seva moja, seva ikiharibika na huna bekapu umekwisha. Lakini ebu kaa chini ufanye zoezi lenyewe. Chukua mradi ulioko GitHub, andika git clone --mirror, amri ya kunakili repo nzima, subiri, ingia ndani uangalie kilichokuja. Utaona matawi yako, tegi za matoleo yako, na pia utaona rundo la marejeo yanayoanza na refs/pull, hayo ni maombi ya kuunganisha yaliyowahi kutumwa, yaani mabadiliko ambayo watu waliomba yaingizwe, lakini ni komiti zake tu. Maneno hayapo. Yule aliyeuliza "kwa nini umetumia njia hii", yule aliyejibu "nilijaribu ile nyingine ikakwama kwa sababu moja mbili tatu", kule kubishana siku nne mpaka mkaelewana, havipo. Ishu hazipo hata moja. Lebo, hatua za mradi, nani amepewa kazi gani, mafaili uliyoambatanisha kwenye matoleo, vyote hamna. Na ukijaribu kusukuma hiyo nakala kwenye repo nyingine ya GitHub itakukatalia yale marejeo ya refs/pull, wanasema yamefichwa huwezi kuyagusa. Ulichotoka nacho ni msimbo. Ujuzi wa kwa nini msimbo uko hivyo umeuacha nyuma.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mradi ndo hizo ishu.

Kuna watu walioliona hili mapema. D. Richard Hipp, aliyeanzisha databezi ya SQLite, alitengeneza mfumo wake anaouita Fossil, ambao tiketi na wiki vinakaa ndani ya repo ile ile ya msimbo, ukikloni umekloni vyote, ukihama umehama na vyote, na SQLite wanaitumia kwenye seva zao wenyewe mpaka leo. Mi naona lile ndo wazo sahihi zaidi ambalo ulimwengu wetu uliliacha pembeni. Sisemi uende Fossil, wachangiaji wako wengi hawataijua na utatumia muda mwingi kuwaelekeza, ila inaonyesha kwamba ishu kufungwa kwenye databezi ya kampuni sio sheria ya maumbile, ni uamuzi wa watu fulani ambao sisi tumeuzoea.

Watu wa lugha ya programu ya Python walihamisha msimbo kwenda GitHub Februari 2017, ishu zikaja kuhama Aprili 2022, miaka mitano katikati, na ni mradi wenye watu na nguvu. Kwa nini muda wote huo? Kwa sababu msimbo ni jioni moja, ishu ni kazi. Namba zinabadilika, na kule nyuma kuna komiti maelfu zinazotaja namba za zamani. Walichofanya ni kuacha bugs.python.org ikiwa hai, ukiifungua ishu ya zamani inakuambia imehamia wapi. LLVM, mradi wa zana za kujengea lugha za programu, nao walipohamisha hitilafu zao kutoka mfumo wa zamani wa Bugzilla mwishoni mwa 2021 ile linki fupi ya llvm.org/PR ikifuatiwa na namba ikaendelea kufanya kazi, inakupeleka kwenye ishu mpya. Umeona kilichowawezesha hao wawili? Domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, ni yao. Linki ambayo watu wameiandika kwenye komiti, kwenye vitabu, kwenye majibu ya miaka kumi nyuma, inaanza na jina ambalo wao wenyewe wanaamua liende wapi.

Hapo ndo msimamo wangu ulipo, na nausema bila kuzunguka: kitu cha kwanza cha mradi wa programu huria ni domeini yake, kabla hata hujachagua huduma. Domeini ndo kitu pekee ambacho ukihama unahama nacho na watu hawajui kama umehama. Weka anwani ya mradi, nyaraka, sehemu ya kushusha matoleo, na ile anwani ya barua pepe ya kuripoti matatizo ya usalama, vyote kwenye domeini yako, alafu nyuma yake elekeza popote, leo GitHub Pages (kurasa za tovuti zinazohostiwa na GitHub) kesho kwingine. curl ndivyo walivyofanya, mtu wa kawaida anaijua curl.se, mambo ya msimbo uko wapi hayamhusu.

Watu wa lugha ya programu ya Go wanajua maumivu haya kuliko wengine manake kwao anwani ya huduma inaingia ndani ya msimbo wenyewe. Ukiandika kifurushi chako kwa jina linaloanza na github.com, kila anayekitumia anaandika github.com kwenye mafaili yake, na siku ukihama unavunja programu za watu usiowajua. Go wenyewe yaliwakuta, vifurushi vyao vya pembeni vilikuwa na majina ya code.google.com, ilibidi 2014 wavibadilishe kuwa golang.org/x, na tangu hapo hawajali tena msimbo unakaa wapi. Uwezo huo huo na wewe unao, Go inakuruhusu kutumia domeini yako na tegi moja kwenye ukurasa inayosema repo iko wapi. Ni dakika kumi za kazi. Wengi hawafanyi kwa sababu siku ya kwanza haionekani kama ina umuhimu.

Haya, tuje kwenye majina sasa, manake najua ndo mlichokuwa mnasubiri.

GitHub ndo waliko watu. Hilo sio jambo dogo, na wanaolidharau nawaona hawajawahi kutunza mradi unaotegemea wageni. Mtu amekutana na kosa la herufi kwenye nyaraka zako, akaunti anayo tayari, anabonyeza kalamu, anarekebisha, anatuma, dakika mbili. Mlazimishe afungue akaunti mpya, athibitishe barua pepe, ajifunze vitufe vipya, hatarudi, na huenda yule ndo angekuwa mtunza mradi mwenzio baada ya miaka miwili. Pia kwa repo za wazi unapata mashine za majaribio ya otomatiki, yaani za kujenga na kupima programu kila inapobadilika, bure, hicho kitu kingine wengi hawawezi kukupa kwa kiwango kile. Mimi mwenyewe nina miradi huko na sioni aibu.

Ila ujue umekaa kwa nani. Microsoft walitangaza kuinunua Juni 2018 kwa dola bilioni 7.5. Ni kampuni ya Marekani, inafuata sheria za Marekani, kwa hiyo Julai 2019 watengeneza programu wa Iran, Syria na Crimea waliamka wakakuta akaunti zao zimewekewa vizuizi, repo zao binafsi hawazifikii, hakuna kosa walilofanya zaidi ya mahali walipo. Ruhusa ya Iran ilikuja kupatikana Januari 2021, GitHub walihangaika nayo kwelikweli, lakini ni mwaka mmoja na nusu. Oktoba 2020 chama cha kampuni za muziki cha Marekani kilituma barua, youtube-dl, programu ya kushusha video, ikaondolewa pamoja na nakala zake, ikarudi Novemba baada ya mawakili kuingia, na GitHub wakatenga dola milioni 1 kwa ajili ya kutetea watengeneza programu kwenye kesi za namna hiyo. Nawasifu kwa hilo. Bado kwa zaidi ya wiki tatu mradi mkubwa kama ule haukuwepo pale ulipozoeleka, na mradi mdogo usio na kelele ungeondolewa na hakuna ambaye angejua.

Mfano ninaoufikiria zaidi ni wa xz, programu ya kubana mafaili. Machi 29, 2024 mtengeneza programu Andres Freund alitangaza kwamba amekuta mlango wa siri kwenye matoleo ya xz, dunia nzima ikashtuka, GitHub wakaifunga repo ya mradi. Naelewa kwa nini walifunga, walikuwa wanazuia watu wasishushe kitu chenye sumu. Lakini kumbuka ndo ile saa ambayo kila mtaalamu wa usalama alikuwa anataka kusoma komiti, kusoma ishu, kujua yule aliyeuweka mlango huo alisema nini lini. Akaunti ya Lasse Collin, mtunzaji wa siku zote ambaye ndo alikuwa amedanganywa, nayo ikafungwa, na ukurasa wa mradi uliokuwa umekaa GitHub Pages ukapotea hewani. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa na domeini ya tukaani.org na repo nyingine kwenye seva yake mwenyewe, akaandika pale kinachoendelea, watu wakapata pa kwenda kumsikiliza. Angekuwa hana, angeongea na dunia kutoka wapi wiki ile?

GitLab una njia mbili, utumie ya kwao au uchukue programu uweke kwenye seva yako, GNOME walihamia kwa njia hiyo ya pili 2018, KDE 2020, Debian nao wana Salsa yao, yote hiyo ni miradi mikubwa ya programu huria. Uzuri ni kwamba mradi ukiwa kwenye GitLab ya mtu unaweza kuutoa pamoja na ishu na maombi ya kuunganisha ukauingiza kwenye GitLab nyingine, hapo kwenye swali langu la mlango wa kutokea wanapata alama nzuri. Ubaya ni mzito, ni mfumo mkubwa, na mambo ya mpango wa bure yamekuwa yakibadilika badilika. 2022 ilisikika wanapanga kufuta miradi ya bure iliyolala mwaka mzima, watu wakapiga kelele, wakarudi nyuma. Programu huria nyingi zimelala kwa sababu zimekamilika jamani, maktaba ya mistari 300 inayofanya kazi yake vizuri haihitaji komiti kila mwezi.

Codeberg naipenda na nasema wazi. Ni chama kilichosajiliwa Berlin tangu 2018, kinaendeshwa na wanachama na michango, kinapokea programu huria tu. Hakuna mwekezaji wa kuwaambia wauze. Mfumo wanaotumia ni Forgejo, na jinsi Forgejo ilivyozaliwa ni somo tosha: mwaka 2022 waliokuwa wanachangia Gitea, mfumo ambao Forgejo ilitokana nao, walikuja kusikia tu kwamba domeini na alama ya biashara ya mradi vimeshahamishiwa kwenye kampuni, wakatoka wakaanzisha yao. Domeini tena, unaona inavyorudi kila mahali. Mwishoni mwa 2025 lugha ya Zig nayo ilihamia Codeberg kutoka GitHub. Ukienda huko jiandae kwa vitu viwili, wageni wachache zaidi, na mashine za majaribio ni chache kwa hiyo mradi unaojenga kwa saa nzima kila komiti utawaonea bure. SourceHut nayo ipo, inafanya kazi kwa viraka (mabadiliko ya msimbo) vinavyotumwa kwa barua pepe kama walivyozoea watu wa kernel ya Linux, kama kundi lako linapenda hivyo mtafurahi sana, kama halipendi usiwalazimishe.

Kuna kundi linalosema suluhisho ni kujihosti mwenyewe tu, mambo ya kupanga kwa watu tuachane nayo. Nimewahi kuwa huko, na najua raha yake ile wiki ya kwanza, Forgejo inakimbia kwenye seva ndogo kabisa, inafunguka haraka, kila kitu ni chako. Alafu inaanza spamu, akaunti mia kwa usiku mmoja kila moja na linki ya kamari kwenye wasifu. Alafu zinakuja roboti za kukusanya data za kufundishia akili bandia, hizi hazina adabu, zinafungua kila komiti ya kila faili la kila tawi, kurasa ambazo binadamu hajawahi kuzifungua, mpaka seva inakosa pumzi. GNOME wenyewe 2025 ilibidi waweke Anubis mbele ya GitLab yao, ile inayolazimisha kivinjari kufanya hesabu kidogo kabla ya kuingia. Freedesktop.org, wanaohosti miradi ya Linux, walipoteza ufadhili wa seva mwanzoni mwa 2025 wakapewa miezi michache tu ya kuhama. Hao wana watu wanaojua kazi, wewe uko peke yako na una shughuli zako nyingine.

Na bekapu. Hapa nataka tukae kidogo. Januari 31, 2017 mfanyakazi wa GitLab, amechoka, usiku, anajaribu kurekebisha databezi ya pili iliyokuwa imebaki nyuma, akafuta data akidhani yuko kwenye ile seva ya pili kumbe yuko kwenye kuu. Alipostuka akasimamisha, kati ya gigabaiti kama 300 zimebaki 4.5. Wakaenda kwenye bekapu. Bekapu ya kila siku haikuwepo, manake programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na databezi, ilikuwa inafeli kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa kwamba imefeli zilikuwa zinakataliwa njiani kwa sababu hazikuwa zimesainiwa vizuri. Kila njia waliyoitegemea ikawa na kasoro yake. Ikaokoa nakala moja iliyopigwa kwa mkono saa sita kabla, kwa bahati. Walipoteza zile saa sita: kama miradi 5,000, maoni 5,000, akaunti 700. Repo za git zenyewe hazikupotea. Yaliyopotea ni ishu na maoni, yale yale ninayopigia kelele tangu mwanzo. Nawaheshimu kwa jinsi walivyoeleza kila kitu hadharani, na somo ninalochukua mimi ni la bekapu ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha, hujui kama unayo.

Kwa hiyo kujihosti ni sawa pale mna watu angalau wawili au watatu wenye funguo, wanaojua kurudisha bekapu, na mmojawao akiugua mwingine anaendelea. Mtu mmoja peke yake, hapana, hata kama anajua kazi.

Majaribio ya otomatiki niyapitie haraka. Usiandike akili yote ya mradi ndani ya lile faili la mipangilio la huduma. Andika skripti moja ya kawaida inayojenga na kupima, ambayo mtu anaiendesha kwenye kompyuta yake, alafu faili la huduma liite hiyo skripti, basi. Travis CI, huduma ya majaribio hayo, ilivyobadilisha masharti mwishoni mwa 2020 waliokuwa na skripti walihama kwa nusu siku, wengine walihangaika wiki nzima.

Kuna jambo jingine ambalo halihusiani na huduma ila linaua miradi kuliko huduma kufungwa, nalo ni nani anashika akaunti. Fungua shirika la mradi, usiweke kwenye akaunti yako binafsi, weka wamiliki wawili au zaidi, na domeini pia iwe na mtu wa pili anayeweza kuilipia. Zile namba za dharura za kurudisha akaunti ziandike mahali ambapo mwenzio anapajua. Barua pepe ya akaunti iwe ambayo inafunguliwa, mimi hilo limenigharimu nimeshasema.

Ukiniuliza leo, mradi mpya, mtu mmoja au wawili, mnataka wachangiaji: nunueni domeini, wekeni repo kuu GitHub au Codeberg kutegemea na watu mnaowalenga wako wapi, ile nyingine iwe kioo, yaani nakala inayojisasisha, na kila wiki skripti ivute ishu zote kwa API (njia ya programu kuomba data kwenye huduma) izihifadhi kama mafaili. GitHub wanakupa maombi 5,000 kwa saa ukiwa na tokeni (ufunguo wa akaunti yako), 60 tu ukiwa huna, kwa mradi wa kawaida tokeni moja inakutosha kabisa. Na ukiandika komiti, usiishie kuandika namba ya ishu, andika na sababu yenyewe kwa sentensi mbili, hizo zinasafiri na git popote.

Kwangu nimeshafanya. Kuna tawi linaitwa kumbukumbu, kila Jumapili usiku linapokea mafaili mapya, ishu moja faili moja, na ukifungua domeini yangu ukaweka namba ya ishu inakuletea maneno yote hata huduma ikiwa chini. Pale kwenye 214 nimeweka ukurasa wenye kile kidogo ninachokumbuka, mwaka mrefu, Februari 29, faili la mfano lililokuwa na safu tatu, na nimeandika kwamba aliyeripoti, kama bado ana nakala yake, anitumie.